Kiswahili cha 'mashine imekataa': Historia ya gumzo la wanafunzi wa kompyuta Nakuru

Kuna dai lisilochoka kurudiwa katika makongamano ya lugha, kwamba Kiswahili hakijawa tayari kubeba sayansi na teknolojia. Anayelitoa huwa amejihami vilivyo. Atakuomba umtafsirie istilahi kumi za kompyuta papo kwa hapo, na ukikwama kwenye ya tatu, atatabasamu na kuketi.

Mimi mtu wa aina hiyo humwalika Njoro. Aketi nje ya maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Egerton, au apande matatu ya kuelekea Kabarak, au aingie hosteli yoyote ya wanafunzi mjini Nakuru wakati wa kukamilisha miradi ya mwaka wa nne, kisha atege sikio. Atasikia mazungumzo ya namna hii:

"Msee, mashine yangu imekataa kuwaka."

"Umetoa betri ukairudisha?"

"Nimejaribu. Inawaka kidogo halafu inalala."

"Hiyo ni ram. Itoe, ipanguse na raba polepole, uirudishe. Ikikataa, nitakuja na yangu tujaribu nayo."

Au haya, ambayo ni ya ndani zaidi:

"Projekti yako imefika wapi?"

"Fomu iko poa, lakini nikisevu, databesi inakaa tu. Haiongei na fomu."

"Hebu angalia kama unafunga koneksheni kabla data haijaandikwa. Yangu ilinisumbua hivyo wiki mbili."

Mhadhara uliowafundisha vijana hawa ulikuwa wa Kiingereza. Vitabu ni vya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na ripoti ya mradi itaandikwa kwa Kiingereza. Lakini kitu kinapoharibika saa sita za usiku, ushauri huombwa na kutolewa kwa Kiswahili. Wapo watakaosema hicho si Kiswahili, ni Sheng, ni mchanganyiko, ni uvivu. Kabla ya kuhukumu, ni vyema tujue gumzo hili lilitoka wapi. Lina historia ndefu kuliko kompyuta yenyewe.

Tuanze na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na mji ukakua kuizunguka. Walowezi wa Kizungu walipomiliki mashamba ya Njoro, Molo, Naivasha na Gilgil, walihitaji lugha ya kuzungumza na vibarua waliotoka katika jamii mbalimbali. Wakatumia Kiswahili, lakini Kiswahili kilichokatwakatwa hadi kikabaki na maagizo: lete, peleka, fanya, ondoka. Wataalamu wa lugha wamekiita Kisetla. Mwaka wa 1936, F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kuwafundisha walowezi na wenzao Kiswahili cha bara cha kutumia shambani na nyumbani. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1939, Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo pale Njoro, iliyokusudiwa vijana wa Kizungu. Shule hiyo ndiyo iliyokuja kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1986 na chuo kikuu kamili mwaka wa 1987.

Nataja historia hii kwa sababu moja. Katika eneo hili hili la Njoro, Kiswahili kilitumiwa kwa miongo mingi kama lugha ya mkubwa kumwamrisha mdogo kuhusu kazi. Leo, katika ardhi ile ile, ni lugha ya wenzi wawili kushauriana kuhusu kazi yao wenyewe. Mabadiliko hayo hayakuletwa na waraka wowote wa serikali. Mchango mkubwa ulitoka kwa mafundi.

Karakana za reli, na baadaye gereji za jua kali, zilihitaji maneno ya vitu ambavyo Kiswahili cha pwani hakikuwa kimekutana navyo. Mafundi hawakungoja kamati. Walichukua jina lililokuja na kitu, wakalipa silabi za Kiswahili, wakaendelea na kazi: spana, nati, gia, breki, klachi, plagi, tairi. Hakuna anayelalamika leo kwamba 'breki' si Kiswahili. Ila majina ni sehemu ndogo tu ya mchango wao. Sehemu kubwa ni vitenzi, na hivyo ni vyetu. Gari la fundi wa Nakuru 'halishindwi' kuwaka, 'linakataa'. Betri 'inakufa' na 'inashtuliwa'. Injini 'inakula' mafuta, 'inakohoa', 'inachoka'. Mashine ilipewa nia na mwili, ikasemwa kama mnyama wa kufugwa ambaye siku nyingine huamka na kisirani.

Sasa rudi kwa wanafunzi wetu. Kipakatalishi 'kimekataa kuwaka', kisha 'kinalala'. Programu 'inakula' ram. Video 'inakula' bando. Databesi 'haiongei' na fomu. Hadi diski 'imechoka'. Mfumo huu wa kusema haukutokana na kitabu chochote cha kompyuta. Ni urithi wa gereji, uliopitia kwa fundi wa redio na fundi wa simu hadi kwa mwanafunzi wa shahada. Na unafanya kazi ya kisayansi kwelikweli, kwa sababu aliyezoea kusema 'imekataa' huulizwa mara moja na mwenzake, 'imekataa vipi?' Hapo uchunguzi huanza: inawaka na kuzima, au haiwaki kabisa? Inatoa mlio, au iko kimya? Huo ndio utafutaji wa hitilafu, nao hufanywa kwa Kiswahili hatua kwa hatua.

Upande wa pili wa historia hii ni wa wasomi. Usanifishaji wa Kiswahili ulianza rasmi mwaka wa 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Tanzania ikaanzisha BAKITA mwaka wa 1967, na kazi ya kuunda istilahi ikashika kasi. Huku Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Istilahi zikaingia vitabuni na mitihanini. Ndiyo maana kijana yeyote aliyepitia mfumo huo anajua tarakilishi, kipakatalishi, rununu na mdahalishi, hata kama hajawahi kuyatamka nje ya darasa.

Maneno haya hayakubuniwa ovyo. Tarakilishi huelezwa na wengi kuwa muungano wa 'tarakimu' na 'akili'. Kipakatalishi kimetokana na 'pakata', kitendo cha kumweka mtoto mapajani, nacho kinaeleza vizuri kuliko jina la Kiingereza linavyoeleza. Shida ni kwamba mara nyingi dhana moja ilipewa majina matatu. Mashine iliyoitwa tarakilishi Kenya iliitwa ngamizi na baadhi ya wataalamu Tanzania, na watu wa kawaida wa nchi zote mbili wakaendelea kuiita kompyuta. Mwanafunzi alijifunza neno la kupata alama, na neno jingine la kutumia.

Kisha ikaja intaneti. Ilifika Kenya kikamilifu mwaka wa 1995, na kwa miaka mingi ilitegemea setilaiti, hivyo ilikuwa ghali na ya polepole. Mtandao wa elimu wa KENET uliundwa mwaka wa 1999 ili kuviunganisha vyuo, lakini kwa wanafunzi wengi wa Nakuru intaneti ya kwanza ilikuwa ya saiba. Wale waliozitumia saiba za mjini enzi hizo watakumbuka bei iliyozoeleka: shilingi moja kwa dakika. Bei hiyo iliathiri hata lugha. Dakika zikihesabiwa, ushauri huwa mfupi na wazi. "Usifungue hiyo, ina virusi." "Sevu kwa flashi, dakika zinaisha." Mhudumu wa saiba alikuwa mwalimu wa kompyuta wa watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga maabara, naye alifundisha kwa Kiswahili akiwa amesimama nyuma ya kiti chako. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, kasi ikaongezeka na bei ikaanza kushuka. Gumzo likatoka saiba, likahamia hosteli na simu za mkononi.

Wakati huo huo kulikuwa na juhudi za kuifanya kompyuta yenyewe iongee Kiswahili. Mwaka wa 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata kwa kutoa Kiswahili katika bidhaa zake. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa na watu walioipenda lugha. Hata hivyo, sijakutana na maabara hata moja ya Bonde la Ufa ambako kompyuta zimewekwa katika Kiswahili. Sababu si dharau pekee. Mwanafunzi hujifunza kwa kuuliza aliye kando yake, na aliye kando yake tayari amezoea menyu ya Kiingereza. Ukibadilisha lugha ya menyu, unajitenga na msaada. Anayesoma 'hariri' kwenye kiwambo chake hawezi kufuata maelekezo ya mwenzake anayesoma neno jingine. Watafsiri waliibadilisha mashine, lakini wahudumu wa saiba na wanafunzi waliofundishana hawakufikiwa.

Linganisha na kilichotokea pale Kiswahili kilipoingia kupitia kazi. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa Desemba 30, 2007, nchi ilitumbukia katika ghasia. Nakuru na Naivasha ziliumia sana mwishoni mwa Januari 2008, na Tume ya Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Mapema Januari mwaka huo, Ory Okolloh alipendekeza kuwe na ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea, na katika siku chache yeye pamoja na Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wengine wakaunda mtambo uliopokea ripoti za wananchi, zikiwemo za ujumbe mfupi wa simu. Wakauita Ushahidi. Mtambo huo ulitumika baadaye katika mataifa mengine, likiwemo Haiti baada ya tetemeko la 2010, na jina halikutafsiriwa. Watu wasiojua neno jingine la Kiswahili walijifunza kusema 'ushahidi'.

Kampuni za simu zilifahamu siri hiyo pia. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Tumepata pia Sambaza, Okoa Jahazi, Fuliza na Lipa na M-Pesa. Yote haya ni maneno ambayo nyanya yangu angeyaelewa bila kamusi, na 'okoa jahazi' lina harufu ya bahari hata linapotamkwa na mkulima wa viazi wa Molo. Tena mwanafunzi wa kompyuta anayetaka mradi wake upokee malipo lazima apitie mlango wa kiprogramu ambao Safaricom iliuita Daraja. Basi utasikia hosteli kukisemwa, "Nimemaliza kila kitu, imebaki kuunganisha na Daraja." Sentensi hiyo ni ya kihandisi na ni Kiswahili safi.

Tuingie sasa katika sarufi, maana ndipo wakosoaji wanapokosea zaidi. Wanafunzi husema kompyuta 'imehengi', 'nimesevu', 'utaifomati lini?', 'tushee hiyo kodi'. Tazama kinachofanyika. Mzizi ni wa kigeni, lakini kiambishi cha nafsi au cha ngeli ni cha Kiswahili, cha wakati ni cha Kiswahili, na cha mtendwa kiko mahali pake: u-ta-i-fomati. Irabu ya mwisho si 'a' kwa sababu Kiswahili kina desturi ya kale ya kuviacha vitenzi vya kigeni vikiishia kwa irabu nyingine. Ndivyo tulivyofanya na vile vya Kiarabu: kusafiri, kufikiri, kusamehe, kujibu. Ndivyo tulivyofanya na 'kufeli' mtihani. Mtoto wa hosteli anayesema 'imehengi' anafuata kanuni ile ile iliyotupa 'amesafiri'. Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba sarufi ya Kiswahili imesimama imara pale watu wanapodhani inaporomoka.

Hata hivyo, kukopa huku kuna mitego, na mmoja unafurahisha. Kijana akikwambia, "Jana nilikodi usiku kucha," usimwulize alikodi teksi au nyumba. Anamaanisha aliandika programu. Kiswahili tayari kilikuwa na 'kukodi' ya kupangisha na 'kodi' ya serikali, na sasa kuna ya tatu ya kompyuta. Istilahi ya kitaalamu, 'msimbo', ipo na ni nzuri, lakini wanafunzi wachache wanaijua kwa sababu haikuwafikia wakati walipoihitaji.

Yapo pia maneno yaliyoshinda bila kulazimishwa. 'Pakia' na 'pakua' yametoka bandarini na jikoni: shehena hupakiwa chomboni na kupakuliwa, na wali hupakuliwa kutoka sufuriani. Kiambishi cha kinyume, kile kinachotupa 'ziba' na 'zibua', kilikuwa tayari kimefanya kazi yote. 'Kudukua', yaani kupeleleza siri za watu, limekubalika magazetini hata watu wa kawaida wanasema akaunti yao 'imedukuliwa'. 'Kivinjari' limetokana na 'kuvinjari', chombo kinapozunguka baharini kikichunguza. Maneno haya yana sifa moja: msikilizaji anaweza kukisia maana hata kama hajafundishwa. Hapo ndipo ninapopima istilahi. Je, mwanafunzi mmoja anaweza kumpa mwenzake neno hilo akiwa na haraka, na mwenzake akafanya kinachohitajika?

Kwa nini basi tujali? Kwanza, kuna suala la haki. Mwanafunzi kutoka shule ya kutwa ya Kuresoi au Kaptembwo, ambaye Kiingereza chake ni cha kitabuni tu, mara nyingi huelewa dhana barazani baada ya kuipoteza darasani. Akifika mbele ya jopo la kutetea mradi, ujuzi alioupata kwa Kiswahili lazima auvue na kuuvika lugha nyingine kwa dakika kumi na tano. Nimewaona vijana waliojenga mifumo inayofanya kazi wakijikwaa kueleza walichojenga, ilhali usiku uliotangulia walikuwa wamewaelezea wenzao watatu bila kusita. Alama hupotelea katika lugha, si katika kompyuta. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sijui kwa nini jopo la mradi liwe mahali ambapo ibara hiyo haifiki.

Pili, zama za akili unde zimefika, na mashine hizi hujifunza kutokana na matini na sauti wanazolishwa. Kuna juhudi za kupongezwa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili, na watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya hazina ya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya waliyoiita Kencorpus. Lakini Kiswahili cha kazi, kile cha 'imekataa' na 'haiongei na fomu', kwa kiasi kikubwa husemwa na kupotea hewani. Tukiiachia mashine vitabu na habari pekee, itakijua Kiswahili cha hotuba na isielewe mtu anayeomba msaada. Na wanaoandika programu hizo kesho ndio hawa hawa wanaozungumza hivyo leo.

Ninapendekeza mambo mawili mepesi. Idara za Kiswahili na za kompyuta katika vyuo vya Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, zikae meza moja. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu watumwe maabara na hosteli wakaorodheshe maneno yanayotumika, maana zake na mazingira yake. Orodha hiyo itatuonyesha ni dhana zipi tayari zina jina la Kiswahili midomoni mwa watu, zipi zimekopwa zikatulia, na zipi bado zinahitaji msaada wa wanaistilahi. Kazi ya kuunda maneno ianzie hapo. Jambo la pili ni kumruhusu mwanafunzi anayetaka kutetea mradi wake kwa Kiswahili afanye hivyo, angalau kwa sehemu. Hakuna bajeti inayohitajika. Kinachohitajika ni mwenyekiti wa jopo aseme, "Tueleze kwa lugha unayoiweza."

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini lugha ya kompyuta haiendi pole na haitatungoja. Wanafunzi wa Njoro na Kabarak wamekwisha kuamua watashauriana kwa lugha gani. Kilichobaki ni sisi wa kamusi na wa mimbari tufike kazini.